Waya wa Mgeni Rasmi

Nchi yetu sitaitaja. Si kwamba naogopa. Mtumishi wa umma haogopi, huchukua tahadhari. Siitaji kwa sababu anayeijua anaijua, na asiyeijua nisije nikamtia tamaa ya kuhamia. Itoshe kusema kwamba ni nchi ya amani, ina bendera, ina wimbo, na ina mawaziri arobaini na saba, ambao mmoja wao ni Waziri wa Hewa na Yaliyomo Hewani. Mimi nilikuwa katibu wa kumbukumbu katika wizara hiyo. Kazi yangu ilikuwa kukaa pembeni ya vikao na kuandika yaliyosemwa, nikiyaacha yale yasiyofaa kuwa yamesemwa.

Watu wa nje husema kwamba kwetu hakuna utafiti. Ni chuki tu. Tunayo Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Mawasiliano Yasiyo na Waya, jengo la ghorofa nne, na juu ya paa lake zimesimama antena kumi na tisa ambazo hazijaunganishwa na kitu chochote, ili zisichakae. Mkurugenzi wa taasisi hiyo ametumia miaka kumi na moja ya maisha yake kuchunguza kama mawimbi ya redio ni raia au ni wageni. Alianza baada ya kugundua kwamba mawimbi ya nchi jirani huingia kwetu kila siku, tena mchana kweupe, bila pasi wala muhuri. Matokeo ya awali yanaonyesha kwamba utafiti zaidi unahitajika. Naibu wake naye ameandika kitabu kuhusu mchango wa antena katika kuinua hadhi ya paa. Ni kitabu kizito kweli. Wahudumu walikuwa wakikiegemeza mlangoni upepo usiubamize.

Basi mnaweza kufikiri aibu iliyotupata siku kitu kilipovumbuliwa na mtu asiyehusika.

*

Mtu huyo alikuwa Mwalimu Zephania Mkumbwa, mwalimu wa fizikia katika sekondari ya mji wa Bomani. Alikuwa mgane, mwenye mtoto mmoja tu, binti aitwaye Tulizo. Tulizo alisomea ualimu kama baba yake, na serikali, kwa mapenzi yake kwa wasomi, ikampangia kazi katika shule ya msingi ya Ngazini.

Ngazini ni kijiji kilicho juu ya milima, ng'ambo ya bonde, kilomita arobaini kutoka Bomani. Watu wa Ngazini wanazo simu za mkononi, lakini huzitumia kama tochi. Anayetaka mtandao hupanda juu ya tangi la maji la shule, akasimama upande wa kaskazini kwa mguu mmoja, na hata hapo hupata salamu tu. Habari yenyewe hukatika. Kijiji kina zahanati, na zahanati ina Nesi Apolonia, ambaye ndiye daktari, mkunga, mfagiaji na mlinzi. Mgonjwa akimshinda, humpeleka hospitali ya Bomani. Na hapo ndipo penye taabu. Gari la wagonjwa lipo Bomani, barabara ipo, dereva yupo, na mwendo ni saa moja na robo. Kilichokuwa kinakosekana ni mtu wa kumwambia dereva aje. Kwa hiyo watu walikuwa wakimtuma mtu ashuke kwa miguu kwenda kuita gari, na gari likifika kesho yake linakuta wenyewe wamekwisha chimba kaburi.

Tulizo alipobeba mimba, baba yake hakupata usingizi. Mkwewe alikuwa askari wa mpakani, huko ambako likizo hutolewa kwa waliofariki tu. Ndipo Mwalimu akaanza kufungua maredio mabovu ya mji mzima na kuyachanganya. Baada ya miezi mitano akapata visanduku sita vinavyotumia jua. Kimoja alikiweka Bomani, kimoja zahanati ya Ngazini, na vinne alivipachika juu ya vilima vya katikati. Ukisema katika cha kwanza, cha kwanza hukipa cha pili, cha pili hukipa cha tatu, kama majirani wanavyopeana moto wa kuwashia jiko, mpaka neno lako linafika ng'ambo. Hakuna mnara, hakuna waya, hakuna vocha. Mwenyewe alikiita Kirukabonde.

Jumamosi moja alikijaribu. Nesi Apolonia akamsikia wazi, wakaulizana habari za mimba, na Tulizo mwenyewe akaletwa akamwambia baba yake kwamba anatamani udongo wa kichuguu na maembe mabichi. Mwalimu alilia kwa furaha. Masikini, hakujua kwamba amevunja sheria ya nchi.

*

Kwetu kuna Sheria ya Uzinduzi. Kifungu cha kwanza kinasema: kitu chochote cha manufaa kwa umma hakitahesabiwa kuwa kipo mpaka kizinduliwe na mgeni rasmi. Ni sheria nzuri, inaleta nidhamu. Tuna daraja ambalo lilikamilika likakaa miaka miwili likiwa na utepe, na wananchi watiifu walikuwa wakivuka mto kwa kuogelea chini yake huku wakilisifu. Soko kuu la Bomani lilijengewa choo cha matundu manane. Kilimsubiri waziri kwa muda wa miezi saba, kimefungwa kwa riboni nyekundu. Siku waziri alipokuja alihutubia saa moja na nusu mbele ya mlango, na nakumbuka jinsi umati ulivyokuwa unahangaika na kubadilisha miguu. Yeye alidhani ni hamasa.

Kwa hiyo Jumatatu iliyofuata polisi walipanda Ngazini wakatia lakiri kwenye kisanduku cha zahanati. Cha Bomani kilichukuliwa, kikawekwa ndani ya kabati la kioo, na kufunikwa kitambaa cha mahameli. Taasisi ya Utafiti ilitoa taarifa kwamba imevumbua Kirukabonde, kwa ushirikiano na mwananchi mmoja. Ikaundwa Kamati ya Uzinduzi ya watu ishirini na tatu, nami nikawa katibu.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Bwana Songoro, Mkuu wa Itifaki wa nchi nzima, mtu ambaye anajua ni nani atangulie kupiga chafya kama wakubwa wawili wakishikwa na mafua pamoja. Mwalimu Zephania aliitwa kikao cha kwanza akiwa mwalikwa asiye na haki ya kuzungumza.

"Wajumbe," alianza Bwana Songoro, "mgeni rasmi ni Mheshimiwa Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Daktari Gervas Mapambo. Swali lililo mbele yetu ni moja. Mgeni rasmi atakata nini?"

"Utepe," alisema mjumbe mmoja mgeni.

Tulimwangalia kwa huruma. Utepe ulikuwa umetumika kwenye choo.

"Hii ni teknolojia," alisema Bwana Songoro. "Tunazindua mawasiliano yasiyo na waya. Hebu fikirini. Yasiyo na waya! Kwa hiyo mgeni rasmi akate nini?"

Wajumbe waliandika swali hilo kwenye madaftari yao. Kisha Mkurugenzi wa Taasisi, katika uvumbuzi wake wa kwanza kwa miaka kumi na moja, akasema: "Waya."

Makofi yalipigwa. Watu walikumbatiana. Ilikuwa imepatikana picha ya ukurasa wa mbele: Waziri ana mkasi, waya unakatika, taifa linakuwa huru. Mwalimu Zephania aliinua mkono, akasahau kwamba hana haki ya kuzungumza, akazungumza.

"Samahani, wazee wangu. Kati ya Bomani na Ngazini hakuna waya. Haujapata kuwapo."

"Basi utavutwa," alisema Bwana Songoro.

"Uvutwe ili ukatwe?"

"Mwalimu, na wewe! Sasa utakatwaje kama haujavutwa?"

Jambo hilo lilikuwa na mantiki, nikaliandika. Mwalimu akasema kwamba binti yake ana mimba ya miezi saba, kwamba kisanduku kiko tayari, kwamba kinachotakiwa ni kuondoa lakiri tu. Akaomba basi angalau Tulizo apewe ruhusa ashuke mjini ajifungulie Bomani. Bwana Songoro si mtu mbaya, alisikitika kabisa. Lakini waraka ulikuwa umekwisha toka kwamba mtumishi yeyote wa Ngazini asiondoke kituoni mpaka uzinduzi upite, maana itakuwa fedheha Mheshimiwa aite Ngazini na kukuta hakuna wa kuitika.

"Haraka haraka haina baraka, Mwalimu," akamwambia. "Mimba miezi tisa. Na sisi tutakuwa tumemaliza katika wa nane."

*

Kuvuta waya si mchezo. Nguzo mia sita zilipandishwa milimani na wanakijiji wa kujitolea waliotolewa majumbani mwao na mgambo. Nilidhani wangepachika waya wowote, hata wa kuanikia nguo, lakini Bwana Songoro alikataa katakata. Alisema mkubwa hakati waya mfu. Kukata waya mfu ni uchuro. Ni kama kuchinja mbuzi aliyekwisha kufa ukamkaribisha mgeni. Mheshimiwa Mapambo mwenyewe alikuwa mtu wa kushika sana mambo ya uchuro, hata ofisini kwake hakuruhusu mtu afagie baada ya saa kumi. Kwa hiyo waya ulipaswa uwe hai, na ili uwe hai ulitiwa simu huku na huku: moja ikawekwa zahanati ya Ngazini, nyingine mapokezi ya hospitali ya Bomani.

Hapo likatokea jambo ambalo kamati haikulitazamia. Simu ilifanya kazi.

Polisi walitaka kuitia lakiri, lakini mwanasheria wa wizara akasema hapana: Sheria ya Uzinduzi inahusu vitu vya manufaa, na waya si kitu cha manufaa, ni pambo la sherehe. Hakuna sheria inayokataza kuzungumza ndani ya pambo. Basi Nesi Apolonia akazungumza. Katika siku kumi na tisa aliita gari la wagonjwa mara tatu. Mtoto aliyeumwa na swila alifika hospitali miguu ikiwa bado na joto, akapona. Mama mwenye mapacha alifika. Mzee aliyeangukiwa na gogo alifika. Katikati ya hayo watu wa Ngazini waliulizia bei ya maharage, wakasuluhisha ndoa mbili, na Tulizo akawa anapiga kila Jumatano baada ya masomo kumwambia baba yake kwamba mtoto anacheza tumboni kama anayeruka kamba.

Mwalimu alirudi kwenye kamati akiwa na uso wa mtu aliyepata wazo jema. Nilijua yatamkuta makubwa.

"Wazee wangu," akasema, "siwasemei tena kisanduku changu. Kiacheni humo kwenye kioo hata mwaka mzima. Naomba tu msikate waya. Kateni utepe, kateni keki, kateni chochote. Waya huu unaponya watu."

Bwana Songoro alivua miwani. "Mwalimu, waya huu uliombwa kwa ajili ya kukatwa. Umeidhinishwa kwa ajili ya kukatwa. Ukiachwa bila kukatwa, sisi sote hapa tutakuwa tumetumia vibaya mali ya umma. Unataka wajumbe waende jela?"

Wajumbe ishirini na wawili wakamtazama Mwalimu kama mtu aliyekuja kuwaibia watoto.

"Isitoshe," Mkurugenzi akaongeza, "waya ni teknolojia ya zamani. Taifa haliwezi kurudi nyuma kwa sababu ya mzee mmoja kuangukiwa na gogo."

*

Ratiba niliichapa mimi. Naieleza hapa kwa sababu ndiyo iliyoleta maneno baadaye.

Saa nne kamili: mgeni rasmi kuwasili. Saa nne na dakika tano: mgeni rasmi kukata waya. Makofi, dakika nane. Saa nne na robo: hotuba ya mgeni rasmi. Baada ya hotuba: mgeni rasmi kubonyeza kitufe cha Kirukabonde na kutoa ujumbe wa kwanza wa taifa. Makofi. Chakula.

Siku mbili kabla ya sherehe, Mwalimu Zephania alinikuta kwenye korido. Alikuwa amenifundisha fizikia kidato cha pili, na ingawa sikuelewa, hakuwahi kunichapa kwa hilo. Alishika ile karatasi akanionyesha kwa kidole.

"Mwanangu, tazama hapa. Akikata waya, simu inakufa. Akibonyeza kitufe, kisanduku kinafufuka. Na katikati umeweka hotuba."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mheshimiwa huhutubia kwa muda gani?"

"Inategemea, Mwalimu. Akibanwa na safari, saa moja na nusu."

"Basi kwa muda huo Ngazini itakuwa haina hiki wala kile. Abonyeze kwanza, halafu ndiyo akate. Badilisha mistari miwili tu. Ni kazi ya dakika moja kwako. Tumbo la Tulizo limeshuka, nesi anasema mtoto anaweza akatangulia."

Nilimweleza kwa upole kwamba kubonyeza ni kilele cha sherehe, na kilele hakiwekwi mwanzoni. Nilimweleza pia kwamba ratiba imekwisha sainiwa na watu ishirini na watatu na nakala zake zimekwisha fungwa kwenye bahasha. Hayo yote yalikuwa kweli. Kweli nyingine ni kwamba mashine ya kuchapia ilikuwa mezani pangu na karatasi zilikuwapo. Sikumweleza hilo, na yeye kwa adabu yake hakuniuliza.

*

Siku yenyewe ilipambwa. Uwanja wa Bomani ulikuwa na mahema, matarumbeta, na kitambaa kirefu kilichoandikwa MGENI NJOO, MWENYEJI APONE. Simu ya hospitali ilihamishiwa meza kuu, pamoja na ncha ya waya, ambayo ilivishwa maua. Kabati la kioo lilisimama kando, lenye polisi wawili. Wauguzi na madaktari wote wa hospitali walikuwa uwanjani wamevaa sare wakipeperusha bendera, maana kila idara ilitakiwa kutoa watu.

Mheshimiwa Mapambo alifika saa saba kasoro dakika kumi mchana. Kuchelewa saa tatu si kuchelewa; mgeni rasmi hachelewi, wengine ndio huwahi. Msafara wake ulikuwa wa magari kumi na manne, na gari la tatu lilikuwa gari la wagonjwa la hospitali ya Bomani, lililochukuliwa alfajiri kwenda kumpokea mpakani mwa wilaya, endapo Mheshimiwa angepata kizunguzungu njiani. Dereva wake, Mponzi, alikuwa ameamriwa asizime injini.

Saa saba na dakika tano Mheshimiwa alishika mkasi. Wapiga picha wakapiga goti. Na hapo hapo, mezani, simu ikalia.

Mheshimiwa alitabasamu. Alidhani tumeipanga. Kwa kweli ilipendeza sana: waya hai, ukilia, katikati ya maua. Hakuna aliyepokea, kwa sababu itifaki hairuhusu mtu apokee simu kabla ya mgeni rasmi, na mgeni rasmi alikuwa ana mkasi mkononi. Ikalia mara ya pili, ya tatu. Mwalimu Zephania, aliyepewa kiti safu ya saba nyuma ya wake wa madiwani, aliruka viti, akafika meza kuu, akainyakua.

Nilikuwa hatua mbili kutoka pale. Niliisikia sauti ya Nesi Apolonia kwenye kile kisikizio kama mtu anayeita kutoka ndani ya kopo.

"Hospitali? Leteni gari upesi! Baba Tulizo, ni wewe? Damu haikatiki, leteni gari, mwanao..."

Mkasi ukakata.

Kwa mujibu wa ratiba, makofi yalikuwa dakika nane. Watu wa Bomani ni wasikivu, wakayafikisha. Mwalimu alikuwa akipiga kelele, mishipa ya shingo imemsimama, na Bwana Songoro akawaambia wageni kwamba ni furaha ya mvumbuzi. Askari walimrudisha kitini, akaponyoka, akakimbilia kwa Mponzi. Mponzi hakubisha hata kidogo. Alitia gia. Lakini mbele yake kulikuwa na gari la pili la msafara na nyuma lilikuwapo la nne, na afande msimamizi alikuja mbio na kirungu.

"Unakwenda wapi na gari la Mheshimiwa?"

"Afande, gari ni la wagonjwa. Kuna mama Ngazini anakufa."

"Msafara hauvunjwi. Mheshimiwa akiondoka ndipo na wewe utaondoka. Zima mdomo, siyo injini."

Mwalimu alirudi mbio kwenye kabati la kioo. Alitaka abonyeze kitufe tu, amwambie nesi neno moja, amweke daktari yeyote pale aelekeze la kufanya. Polisi wawili wakamkalisha chini, kwa heshima, kila mmoja na bega lake.

*

Hotuba ilikuwa nzuri. Nimehifadhi maneno yake yote.

"Ndugu wananchi, itifaki imezingatiwa. Waya ni nini? Waya ni kamba! Na kamba ni nini? Kamba ni utumwa! Leo, kwa mkono wangu huu, nimekata utumwa wenu." Makofi. "Mababu zetu walitumia ngoma kupelekeana habari. Je, ngoma ilikuwa na waya? Haikuwa na waya! Kwa hiyo wazungu walitoa wapi haya mambo?" Makofi, vicheko. "Kuna wanaobeza utafiti wetu. Wanauliza, utafiti umemsaidia nini mama wa kijijini? Nawaambia leo, mama wa kijijini tumemfikia! Popote alipo, akiita, serikali yake inamsikia!"

Alizungumza saa moja na dakika arobaini. Katika muda huo nilimwona Mwalimu mara nyingi zaidi kuliko nilivyotaka. Hakupiga kelele tena. Alikaa kati ya wale polisi akitazama saa yake ya mkononi, anaitazama, anatazama barabara ya milimani, kisha anaitazama tena.

Saa tisa kasoro dakika tano Mheshimiwa alifunuliwa kabati. Alibonyeza kitufe. Kisanduku kilikuwa kimeunganishwa na vipaza sauti vya uwanja mzima, ili taifa lisikie. Akakohoa, akasoma ujumbe alioandikiwa: "Ngazini, Ngazini! Hapa ni taifa. Mwanisikiaje?"

Sauti ikaja papo hapo, safi, bila mkwaruzo wowote. Lazima niseme, kama mtumishi wa sekta hii, kwamba chombo kilifanya kazi bila kasoro. Nesi Apolonia alikuwa amekwisha vunja lakiri zamani, na ilionekana alikuwa akiita muda wote huo, kwa maana sauti ilikuwa imemkauka.

"Mmefungua sasa?" akasema. "Nimewaita tangu saa saba."

Uwanja ulilipuka kwa makofi. Mheshimiwa akageukia umati amenyoosha mikono. "Mnasikia? Anasema ametuita tangu saa saba! Hii ndiyo hamu ya wananchi na maendeleo!" Akainamia tena kisanduku. "Tuambie, mama, mna ujumbe gani kwa serikali yenu?"

Kwa mbali, nyuma ya nesi, alisikika mtoto mchanga akilia.

"Baba Tulizo yupo hapo?" akauliza. "Mwambieni mtoto tunaye, ni wa kike. Mwambieni asihangaike tena na gari. Gari halihitajiki."

Mheshimiwa Mapambo alicheka mpaka akashika tumbo. "Ndugu wananchi, mmesikia wenyewe! Mtoto kazaliwa, na gari halihitajiki! Teknolojia yetu imeondoa hata haja ya magari!"

Makofi hayajapata kupigwa namna ile katika nchi yetu. Yalizidi yale ya ratiba kwa dakika nyingi, watu wakasimama juu ya viti, matarumbeta yakaingia bila kuagizwa. Mwalimu Zephania peke yake ndiye aliyebaki amekaa, na wale polisi waliokuwa wamemshika walikuwa wamemwachia. Chakula kilikuwa pilau.

*

Taarifa rasmi ilitoka wiki hiyo. Inasema uzinduzi ulifana. Inasema ujumbe wa kwanza usio na waya katika historia ya taifa ulihusu kuzaliwa kwa mtoto wa kike, na wizara imependekeza aitwe Uzinduzi. Baada ya sherehe Kirukabonde kilirudishwa kabatini na kupelekwa makao makuu ya Taasisi kwa utafiti zaidi, ili ijulikane kama kinafanya kazi. Nguzo mia sita bado zimesimama milimani. Mkurugenzi amepewa nishani.

Mwezi mmoja baadaye, Mwalimu Zephania alikuja ofisini kwangu. Alikuwa amembeba mjukuu, amemfunga kwa kanga kifuani kama wafanyavyo akina mama, na chupa ya maziwa ilitokeza kwenye mfuko wa koti. Walikuwa wanatoka kliniki kupima uzito. Nilimwamkia, "Shikamoo, Mwalimu," akaitikia vizuri, akaketi. Aliomba asomewe kumbukumbu za siku ile, sehemu ile tu ambapo nesi alizungumza.

Kumbukumbu ni siri ya wizara. Nilizitoa hata hivyo, nikatafuta ukurasa. Palikuwa pameandikwa: *Mgeni rasmi alizungumza na Ngazini. Makofi.*

"Maneno ya nesi hukuyaandika?" akauliza.

"Hapana, Mwalimu. Huwa tunaandika ya mgeni rasmi."

"Lakini uliyasikia."

"Niliyasikia."

"Pale aliposema gari halihitajiki, wenzako walidhani ni habari njema. Wewe ulikuwa umesimama karibu na simu wakati ule waya unakatwa. Ulielewa?"

Ningeweza kusema sikuelewa. Angeniamini, kwa kuwa ndivyo nilivyokuwa kidato cha pili. Lakini mtoto alikuwa ameamka, ananitazama kwa macho yale ya watoto yasiyotulia mahali.

"Nilielewa, Mwalimu. Nilielewa kabla Waziri hajaanza kucheka."

"Ukafanya nini?"

"Nilipiga makofi," nikamjibu.

Hakunitukana. Nilitamani anitukane. Alimfunika mtoto kichwa, akainuka taratibu asimtikise, akarudisha kiti mahali pake.

"Haya, mwanangu," akasema. "Kazi njema."